Mapigo ya moyo mazoezini bila mkanda wa kifuani: angalia kifaa kinakaa wapi mwilini kabla ya kuangalia jina

Lami na Jasho (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kwenye kikundi chetu cha jogingi hapa Dar swali hili haliishi: "Ninunue nini cha kupimia mapigo ya moyo? Mkanda wa kifuani siutaki." Sababu zao nazielewa kabisa. Mkanda ukishalowa jasho unachubua chini ya kifua, kwa akina dada unagombana na sidiria ya mazoezi, na ukiuvaa mkavu unatoa namba za ajabu mpaka jasho lianze kutoka. Kinachoniuma ni majibu wanayopewa. Huyu anataja saa yake, yule anataja yake, ubishi wa majina ya kampuni unapamba moto, na muulizaji anaishia kununua chochote alichokikuta mtaa wa Aggrey. Na hela yenyewe ameitafuta kwa jasho. Naweka hapa ninayoyajua, tujadiliane kwa utulivu.

Msimamo wangu nautanguliza. Kwa kifaa kisicho na mkanda wa kifuani, mambo mawili yana uzito kuliko jina: kinakaa wapi mwilini, na wewe unafanya mazoezi gani. Kihisi cha kawaida, yaani kifaa kidogo cha kusoma mapigo, kilichofungwa vizuri kati ya kiwiko na bega kitakupa namba za kuaminika kuliko saa ya bei mbaya inayochezacheza kwenye kifundo cha mkono.

Tuanze na kinavyofanya kazi, maana ukishakielewa hapo maswali mengi yanajijibu. Geuza saa yako uone taa za kijani nyuma. Damu inafyonza mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu inajaa kwenye vimishipa vilivyo chini ya ngozi na mwanga unaorudi unapungua. Damu ikipungua kidogo kabla ya pigo linalofuata, mwanga unarudi mwingi. Pembeni ya taa kuna kijicho kinachosoma mwanga huo mara nyingi ndani ya sekunde moja, na programu inageuza kupanda na kushuka huko kuwa mapigo kwa dakika. Mkanda wa kifuani hautumii mwanga. Unasoma umeme wa moyo wenyewe, ndiyo maana unashika mabadiliko papo hapo.

Mikanda isiyo na waya ilianza Ufini, kampuni ya Polar, mwaka 1982. Saa za mwanga zinazosoma mfululizo zilikuja kushika kasi kati ya 2013 na 2015, ilipotoka Mio Alpha, kisha Fitbit Charge HR na Apple Watch. Kabla ya hapo, saa ya "bila mkanda" ilikuwa ile unayoigusa kwa vidole vya mkono wa pili ndipo ikusomee. Ukikutana na ya namna hiyo ya mtumba usiichukue kwa ajili ya kukimbia, kwa sababu kila ukitaka namba unavuruga mwendo wako.

Sasa shida yenyewe. Kijicho kinaona mwanga umebadilika, lakini hakijui kama umebadilika kwa sababu ya damu au kwa sababu saa imesogea. Mkono unaporushwa, saa inanyanyuka kidogo sana kutoka kwenye ngozi, jua linapenya pembeni, damu yenyewe inasukwasukwa na hatua zako. Programu inajaribu kuchuja. Wakati mwingine inachuja kisicho chake.

Kosa kubwa kuliko yote, na wengi wanalo bila kujua, ni saa kushika hatua badala ya moyo. Wakimbiaji wengi hupiga hatua 160 hadi 180 kwa dakika, na hapo ndipo mapigo ya mtu anayejituma yanapokaa pia. Kwa hiyo mtu anakimbia taratibu, anapiga soga na mwenzake bila kuhema, saa inamwambia 172. Ikimtisha anapunguza mwendo bila sababu. Ikimfurahisha anaamini amefanya kazi kubwa. Ukitaka kuikamata, fungua mchoro wa mazoezi kwenye simu uuweke mstari wa mapigo juu ya mstari wa hatua. Kama namba iliruka ghafla dakika za mwanzo, ikanata palepale uliposhuka na ulipopanda, na mistari miwili imelaliana, huo si moyo wako. Ni miguu yako.

Kosa la pili ni kuchelewa. Ukifanya mbio za kukata, yaani kasi dakika moja, polepole dakika moja, saa ya mkononi huwa inaanza kupandisha wakati wewe umeshaanza kupumzika. Kilele cha kweli hukioni.

Hapo ndipo mahali pa kuvaa panapoamua.

Kifundo cha mkono: pana mifupa na kano (nyuzi ngumu za kuunganisha misuli na mifupa) zinazotembea kila ukikunja vidole, nyama ni chache. Panatosha kwa kutembea, kukimbia mwendo mmoja, na baiskeli ya ndani. Kwa jimu ni tabu. Ukishika chuma na kukunja kifundo, saa inabanwa au inaachia, namba zinapotea.

Mkono wa juu, kati ya kiwiko na bega: nyama ya kutosha, mfupa hauko karibu, mkono unarushwa kidogo kuliko kiganja. Kihisi kinashikwa na kitambaa chenye mpira, kinatulia. Kwangu mimi hiki ndicho chaguo la kwanza kwa mtu anayefanya mazoezi kwa dhati na hataki mkanda. Vya aina hii ni kama Polar Verity Sense ya mwaka 2021, Wahoo Tickr Fit, Scosche Rhythm24, na cha Coros kilichotoka 2023. Vyote havina kioo, kwa hiyo unakiunganisha na simu au saa uliyonayo. Watu wengi hawavifahamu kwa sababu ukiweka mkononi havionekani, na havipigiwi matangazo kama saa.

Sikio: ngozi yake ina damu nyingi na kichwa hakirushwi kama mkono. Spika za sikioni za Powerbeats Pro 2 za 2025 zina kihisi ndani. Ila spika ya sikioni ikilegea kwa jasho, kipimo kinaondoka nayo, na barabara zetu zina bodaboda. Mimi sipendi mtu akimbie masikio yamezibwa yote mawili.

Kidole, yaani pete: nzuri usingizini. Kwenye vyuma haifai, inabana kidole na kujigonga.

Kuhusu vipimo vya kisayansi: mwaka 2016 Cleveland Clinic ya Marekani ilichapisha matokeo ya watu 50 waliokimbia kwenye mashine wakiwa wamevaa saa za aina nne na kupimwa kwa umeme wa moyo. Mkanda wa kifuani ulikaribiana kabisa na mashine ya hospitali. Saa zilisoma vizuri watu wakiwa wametulia, na kadiri mazoezi yalivyokuwa makali ndivyo zilivyozidi kukosea. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Stanford kikapima vifaa saba kwa watu 60: sita kati ya saba vilikosea mapigo kwa chini ya asilimia 5, lakini kwenye kalori hakuna kilichofaulu. Kilichokuwa bora kilikosea kwa asilimia 27 na kibovu kwa 93. Kwa hiyo, ndugu zangu, usinunue kifaa kwa sababu ya kalori, wala usiongeze sahani ya ubwabwa kwa sababu saa imesema umechoma 800.

Karibuni.

---

Mama wa Tabata

Shukrani kaka kwa uzi. Mimi navaa mikono mirefu na hijabu, nakimbia asubuhi kabla ya kazi. Saa nimezoea kuivaa juu ya mkono wa nguo ili niione. Inasoma mara moja moja. Na huo mkono wa juu unaousema, nguo si itaziba?

Lami na Jasho

Dada yangu, wewe ndiye mtu hasa ninayemfikiria nikisema mkono wa juu. Kihisi lazima kiguse ngozi, hakisomi kupitia kitambaa, ndiyo maana saa yako inasoma mara moja moja. Ila cha mkono wa juu unakivaa ndani ya nguo, na nguo juu yake inasaidia kwa sababu inazuia mwanga wa jua. Namba utaziona kwenye saa yako au kwenye simu. Hapo saa inaweza kukaa juu ya nguo, kazi yake inabaki kuonyesha.

Muhimu tu kabla hujalipa: hakikisha saa yako inakubali kupokea mapigo kutoka kifaa kingine. Bangili nyingi za bei nafuu hazikubali. Ukiona hivyo, programu ya mazoezi kwenye simu itapokea kwa Bluetooth.

---

Chuma Hakidanganyi

Mleta uzi, unazunguka sana. Mkanda wa kifuani bei yake si kubwa, ni sahihi, imeisha hiyo. Kwa nini mtu ahangaike na mataa?

Lami na Jasho

Mkuu, kwa usahihi umesema kweli na juu nimeshasema. Anayefanya mbio za kukata kila wiki akifuata namba, au anayetaka kupima tofauti ya muda kati ya pigo na pigo, avae mkanda. Lakini mkanda ulioachwa kwenye droo haupimi kitu. Kuna mtu ngozi yake inatoka vipele, kuna mama anayenyonyesha, kuna mwenye kovu la upasuaji kifuani. Hao wote wana haki ya kupima mapigo yao, na kifaa cha mkono wa juu kinawafikisha karibu kabisa na mkanda.

---

Kijana wa Eldoret

Niaje wakubwa. Huku kwetu asubuhi baridi ni kali mno. Dakika kumi za kwanza saa inanionyesha 95 na mimi nahisi moyo uko juu. Ikifika jua kutoka ndio inakaa poa. Ni saa mbovu ama ni hii baridi?

Lami na Jasho

Ni baridi, ndugu. Mwili ukipigwa na baridi unapunguza damu ya kwenye ngozi za mikono ili kulinda joto la ndani, na kihisi kinasoma damu hiyohiyo ya kwenye ngozi. Damu ikiwa chache, mwanga unaorudi haubadiliki vya kutosha. Fanya hivi: anza kupasha mwili ukiwa ndani, saa iwe chini ya mkono wa jaketi, isogeze juu vidole viwili kutoka kwenye kile kifupa cha kifundo na uibane kuliko unavyoivaa ofisini. Isubiri ikae kwenye namba moja ndipo uanze. Ukimaliza ilegeze, ngozi ipumue.

Nyie mko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu wa pwani akija kukimbia huko mapigo yatapanda kwa mwendo uleule aliouzoea, na hilo ni kweli, kifaa hakijakosea. Vivyo hivyo huku Dar, joto na unyevunyevu wa Februari unapandisha mapigo hata kama hujaongeza kasi. Watu wanalaumu saa bure. Wanaojiandaa na Kilimanjaro Marathon kule Moshi walizingatie hili: namba ulizozizoea Coco Beach hazitakuwa zilezile ukianza kupanda Mweka.

---

Msomaji Kimya

Naomba kuuliza jambo ambalo naona linakwepwa. Nimesikia hivi vifaa vilitengenezewa ngozi nyeupe, sisi weusi havitusomi sawasawa. Ni kweli au maneno ya mtaani?

Lami na Jasho

Swali zito, na nashukuru umeliuliza hadharani.

Msingi wake upo. Rangi ya ngozi nyeusi inafyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo unaofika kwenye damu na kurudi ni mchache. Ule utafiti wa Stanford wa 2017 uliona makosa zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi zaidi, na pia kwa wenye uzito mkubwa. Kisha mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Duke kikatoa utafiti wa watu 53 wa rangi zote za ngozi, kwa saa za mkononi za kisasa, na hakikukuta tofauti ya maana kati ya rangi na rangi. Walichokikuta ni kwamba mtu akiwa kwenye mwendo makosa yaliongezeka kwa wastani wa asilimia 30 kuliko akiwa ametulia, weusi kwa weupe.

Ninavyoliona mimi: kampuni zinazoongeza nguvu ya taa na idadi ya taa zimepunguza tatizo, lakini kwa kifaa cha bei ya chini kabisa chenye taa moja dhaifu, sisi ndio wa kwanza kuumia. Kwa hiyo usikubali kuambiwa "inasoma vizuri tu" na mtu ambaye hajaijaribu kwenye mkono kama wako. Ijaribu mwenyewe. Na mwenye chale za wino mzito kwenye kifundo asivae hapo hata kidogo, wino unaziba mwanga kabisa. Ahamie mkono wa juu au upande usio na wino.

---

Mzee wa Kihesa

Vijana, mimi nilijaribu ya mwanangu kwenye ndizi mbivu, ikanipa mapigo 78. Tangu siku ile sina imani nazo.

Lami na Jasho

Shikamoo mzee. Jaribio hilo limesambaa sana, lakini linawahukumu wasio na hatia. Kihisi kinatafuta mwanga unaopanda na kushuka, na ukikiweka kwenye kitu chochote kinachorudisha mwanga, kitajitahidi kupata mdundo hata pale usipokuwepo. Hata saa nzuri zinaweza kufanya hivyo. Kwa hiyo ndizi haituambii lolote kuhusu usahihi kwenye mkono.

Jaribio la haki ni vidole vyako. Weka kidole cha shahada na cha kati upande wa dole gumba, chini ya kiganja, utafute mpigo. Kidole gumba usikitumie kwa sababu kina mpigo wake. Pima ukiwa umekaa kwanza. Kisha kimbia au panda ngazi mpaka uheme, simama, na palepale hesabu kwa sekunde 15 uzidishe kwa 4. Usihesabu dakika nzima, maana moyo unashuka haraka ukisimama na utapata wastani wa kitu ambacho kimeshapita. Kifaa kikipishana na wewe kwa mapigo machache, sawa. Kikipishana kwa 20 au 30 na kikarudia hivyo, kirudishe dukani. Ndiyo maana nasisitiza: omba ruhusa ya kukijaribu na risiti kabla ya kutoa pesa.

Mzee wa Kihesa

Marahaba. Sasa nina lingine la kweli zaidi. Nina miaka 62, natumia atenolol kwa ajili ya presha. Mwanangu ameniwekea kwenye simu kwamba kikomo changu ni 158. Nikitembea mlimani mpaka nahema, inaonyesha 105. Nijikaze zaidi?

Lami na Jasho

Hapana mzee wangu, tafadhali usijikaze kuifuata namba hiyo. Hiyo 158 imetoka kwenye hesabu ya 220 ukitoa umri. Kuna nyingine ya mwaka 2001, ya 208 ukitoa 0.7 mara umri, ambayo kwako inatoa karibu 165. Zote mbili ni wastani wa watu wengi, na hakuna hata moja inayojua kwamba unatumia atenolol. Dawa ya jamii hiyo kazi yake mojawapo ni kuzuia moyo usipande. Kuhema kwako mlimani ni kweli, na 105 huenda ni kweli pia. Kwako kipimo bora ni mazungumzo: uweze kusema sentensi nzima huku unatembea, lakini kuimba kukushinde. Ukiwa kliniki muulize daktari akupe kiwango chako mwenyewe. Na maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kwenda ovyo, unasimama na kwenda hospitali, hata kama kifaa kinaonyesha namba nzuri. Wala usiache dawa ili namba ipande.

Hili wote tulibebe: ukiona programu imekugawia rangi nyekundu na ya machungwa, imefanya hivyo kwa umri ulioandika, basi. Hata kifaa sahihi kikikaa juu ya kikomo kisicho chako kitakuelekeza vibaya.

---

Fundi Baiskeli

Mimi niko kwenye baiskeli, barabara za vumbi. Kompyuta ya usukani ni ya zamani kidogo. Nikinunua cha mkono wa juu kitaongea nayo?

Lami na Jasho

Angalia nyuma au kwenye maelezo kama inapokea ANT+ au Bluetooth, njia mbili za kutuma namba bila waya. Nyingi za zamani ni ANT+ peke yake, hivyo chukua kihisi chenye vyote viwili. Kwa vumbi na mtetemo wa usukani uko sahihi kukwepa kifundo: ukibana usukani kwenye makorongo, saa inapoteza kabisa. Na kuna vifaa vinavyodai malipo ya uanachama, kama bangili ya Whoop. Uanachama ukiisha, umebaki na kitambaa. Uliza hilo kabla ya kuagiza nje.

---

Mama wa Tabata

Kaka, la mwisho. Jumapili huwa naogelea baharini. Hiki cha mkono wa juu kinaingia majini?

Lami na Jasho

Soma kiwango chake cha maji kwanza, usiamini neno "waterproof" la muuzaji. Maandishi ya mita 50 au 5 ATM yanatosha kuogelea. Ila mawimbi ya Bluetooth hayapiti vizuri majini, kwa hiyo simu iliyo ufukweni haitapokea kitu. Unahitaji kihisi chenye kumbukumbu ya ndani ili upakue ukitoka. Verity Sense ina kumbukumbu hiyo, na ina kibanio cha kukishikiza kwenye mkanda wa miwani ya kuogelea kikae kwenye panja, mahali ambapo maji hayakivuti sana kama mkononi. Ukitoka baharini kisuuze kwa maji baridi ya bomba, vua kitambaa ukifue peke yake, na vile vidoti vya chuma vya kuchajia uvifute vikauke kabisa kabla hujaunganisha umeme. Chumvi ikibaki pale inakula chuma taratibu, na ndani ya miezi kifaa kinakataa chaji.